Barabara ya Moyale: Kilomita 500 zilizochukua nusu karne

MKAZI wa Nairobi akiulizwa ataje barabara kuu anayoijua, aghalabu atataja ile ya Mombasa, au ile ipitayo Nakuru kwenda Malaba na Uganda. Ni wachache watakaoikumbuka ile ielekeayo kaskazini. Ilhali barabara hiyo, ambayo kwenye ramani huandikwa A2, ndiyo inayotuunganisha na majirani zetu wa Ethiopia. Isitoshe, ni sehemu ya njia ndefu ya Afrika inayotoka Cairo, Misri, hadi Cape Town, Afrika Kusini, mwendo wa zaidi ya kilomita 10,000.

Leo, msomaji mpenzi, tuifuate barabara hiyo hadi mwisho wake upande wetu, mjini Moyale. Ukiwa na watoto wa shule hapo nyumbani, waambie walete ramani ya Kenya na kuitandaza mezani. Wataona jambo moja la kushangaza: kutoka Nairobi hadi Isiolo ni kama kilomita 280 hivi, na kutoka Isiolo hadi Moyale ni karibu kilomita 500. Maana yake ni kwamba anayefika Isiolo na kudhani amefika mwisho wa Kenya, hata nusu ya safari hajafika.

Na bado kwa miaka mingi nchi yetu iliendeshwa kana kwamba Isiolo ndiyo mwisho.

Kutoka jijini hadi Isiolo

Safari huanza kwa raha. Kutoka jijini unashika ile barabara pana ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwezi wa Novemba 2012 na Rais Mwai Kibaki. Baada ya Thika unapita mashamba ya mananasi, unavuka Mto Tana karibu na Sagana, kisha unapanda Karatina na kuuzunguka Mlima Kenya kwa upande wa magharibi. Nanyuki unapewa picha ya kupiga kwenye kibao cha Ikweta. Mbele kidogo ni Timau, nchi ya ngano na baridi kali ya asubuhi.

Kisha, ukishaipita njia panda ya Subuiga, ardhi inakuporomokea mbele ya macho. Barabara inateremka kwa zaidi ya mita 1,000, sweta linavuliwa, madirisha ya gari yanafunguliwa, na kule chini unaona uwanda mkavu usio na kikomo, wenye vilima vya rangi ya samawati. Hapo ndipo Isiolo.

Wazazi wenye umri watakumbuka kisa cha Elsa, simba jike aliyelelewa na George na Joy Adamson. Ni hapa Isiolo walipokuwa wakikaa, George akiwa afisa wa wanyamapori. Joy mwenyewe aliuawa katika mbuga ya Shaba, si mbali na hapa, mwezi wa Januari 1980.

Lakini kwa wenyeji wa kaskazini, Isiolo ilijulikana zaidi kwa jambo jingine: kizuizi.

Kizuizi cha Isiolo

Wakati wa ukoloni, sehemu yote iliyo juu ya Isiolo iliitwa NFD, yaani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Serikali ya Waingereza iliifunga kwa sheria. Ile ya mwaka wa 1902 iliruhusu wilaya za pembezoni zifungwe, na nyingine ya 1934 ikawazidishia maafisa mamlaka juu ya wafugaji wa huko. Mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila cheti. Waingereza hawakuwa na haja na nchi hiyo isipokuwa kama ukuta wa kuwazuia wengine, hasa Ethiopia ya Mfalme Menelik, ambaye walipatana naye kuhusu mpaka mnamo mwaka wa 1907.

Walipotaka kumpoteza mtu, walimpeleka huko. Harry Thuku, ambaye barabara moja ya Nairobi kando ya Chuo Kikuu ina jina lake, alikamatwa mwaka wa 1922, na sehemu ya miaka yake ya uhamishoni aliimalizia Marsabit.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, watu wa kaskazini hawakufunguliwa mlango. Mwezi huo huo wa Desemba hali ya hatari ilitangazwa huko, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikaendelea hadi mwaka wa 1967. Vita vilikwisha lakini sheria za hali ya hatari zilibaki, na hazikuondolewa ila mwaka wa 1991.

Kulikuwa na sababu nyingine pia, nayo ilikuwa ya hesabu. Mwaka wa 1965 serikali ilitoa waraka wake maarufu nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika. Humo ilielezwa kwamba pesa za maendeleo zielekezwe kwanza katika sehemu zenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, ambako zitazaa haraka, na faida itakayopatikana iwasaidie wengine baadaye. Jangwa halina kahawa wala majani chai. Basi lami ikaenda kwenye kahawa na chai, ikafika Isiolo, ikasimama.

Ndipo yakazuka yale maneno ambayo kila afisa, mwalimu na dereva aliyefanya kazi kaskazini aliyasikia. Mgeni akiteremka kutoka kwenye lori, wenyeji humwuliza: "Umetoka Kenya? Habari za Kenya?" Wala hawakuwa wakifanya mzaha.

Juu ya migongo ya ng'ombe

Ni vigumu kwa kijana wa leo kuelewa jinsi safari ya Moyale ilivyokuwa. Basi lilikuwa jambo la bahati. Usafiri ulikuwa lori. Likielekea kaskazini lilibeba unga, sukari na saruji, na abiria wakakaa juu ya mizigo. Likirudi kusini lilibeba ng'ombe au mbuzi, na abiria wakaning'inia kwenye vyuma vilivyo juu ya mifugo hiyo, wakishikilia kwa mikono miwili, jua la utosi juu yao na pembe za ng'ombe chini yao. Akina mama walisafiri hivyo, na wagonjwa pia.

Barabara yenyewe ilikuwa ya mawe na changarawe, iliyojikunja kama mabati ya paa. Magari yalivunjika springi, magurudumu yalipasuka. Mvua ikinyesha udongo mweusi uligeuka gundi, na lori likikwama utingo na abiria walilala hapo hapo siku mbili, tatu, hata zaidi. Mtu aliyefika Moyale kutoka Isiolo kwa siku mbili alihesabiwa kuwa na bahati.

Kisha kulikuwa na majambazi. Kwa miaka mingi magari hayakuruhusiwa kwenda peke yake. Yalikusanyika na kusafiri kwa msafara, yakilindwa na polisi wenye bunduki.

Fikiria maana ya hali hiyo kwa familia. Mama mjamzito aliyepata matatizo usiku. Mwanafunzi aliyeitwa chuo kikuu Nairobi na hana nauli ya ndege. Mfugaji anayetaka kuuza fahali wake kabla ukame haujammaliza: akifika sokoni amekonda, na bei imekonda pamoja naye. Mfanyabiashara wa Nairobi alijua shida ya mwenye ng'ombe, na alinunua kwa bei ya shida hiyo.

Lami inavuka Isiolo

Mabadiliko yalianza mwaka wa 2004. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mpango wa kuiunganisha Mombasa na Nairobi hadi Addis Ababa kwa barabara ya lami, na awamu nyingine mbili zikafuata mwaka wa 2009 na 2011. Kila awamu ilihusu upande wetu na upande wa Ethiopia pia, ili ndugu mmoja asimalize nyumba na mwenziwe bado anachimba msingi.

Upande wetu kazi iligawanywa mara nne. Kwanza kutoka Isiolo hadi Mto Merille, kilomita 136. Kisha kutoka Merille hadi Marsabit, ambapo Umoja wa Ulaya ndio uliosaidia kwa fedha. Halafu Marsabit hadi Turbi, na mwisho Turbi hadi Moyale. Kila kimoja kati ya vipande hivyo vitatu vya mwisho kilikuwa na kilomita 120 au zaidi kidogo. Wajenzi walikuwa kampuni za Wachina na za Waturuki. Kufikia mwaka wa 2017 mtu aliweza kutoka Nairobi hadi Moyale bila gurudumu lake kuacha lami. Basi linaloondoka Nairobi jioni sasa hufika Moyale asubuhi.

Tangu uhuru hadi siku hiyo, hesabu ni zaidi ya miaka 50. Kilomita 500, nusu karne.

Tuendelee na safari

Kutoka Isiolo, mwendo wa kama nusu saa unakufikisha Archer's Post na daraja la Mto Ewaso Nyiro. Kushoto ni mbuga ya Samburu, kulia ni Shaba. Hapa utamwona pundamilia wa aina ambayo hayuko Nairobi, mwenye mistari myembamba na masikio makubwa ya mviringo, pamoja na twiga ambaye madoa yake yamepangwa kama vigae.

Mbele zaidi unaona mlima ambao hauwezi kuusahau. Ni Ololokwe, mwamba mkubwa uliosimama wima na kukatwa juu kama meza. Wasamburu wanauheshimu kama mahali patakatifu, na kwa saa nzima hivi unausogelea, unaupita, na bado ukigeuka nyuma uko pale pale.

Merille ni soko la mifugo. Siku ya soko utakuta Wasamburu na Warendille, na wanunuzi waliokuja na malori kutoka kusini. Zamani wanunuzi walikuwa wachache. Sasa lori linaweza kupakia mchana na kufika Nairobi kabla ya alfajiri, na muuzaji ambaye ana simu mfukoni anajua bei ya Nairobi kabla hajafungua mdomo.

Laisamis, mbele kidogo, ndipo ilipochepuka barabara ya kuelekea Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana. Njia hiyo ya zaidi ya kilomita 200 ilitengenezwa upya ili malori yapitishe mitambo ya umeme wa upepo. Mitambo 365 ilisafirishwa kutoka bandari ya Mombasa, na mradi ukazinduliwa rasmi mwezi wa Julai 2019. Huenda taa unayoisomea makala haya inawaka kwa upepo wa huko.

Kisha, baada ya saa nyingi za vumbi na miti ya miiba, unauona mlima wa kijani kibichi. Ni Marsabit. Ulitokana na volkano, na urefu wake huyanasa mawingu, kwa hivyo asubuhi mji hufunikwa na ukungu huku nyika iliyo chini inaungua kwa jua. Ndani ya msitu kuna Ziwa Paradise, lililo katika shimo la volkano ya kale. Katika msitu huu aliishi Ahmed, yule ndovu mwenye pembe ndefu karibu kugusa ardhi, ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri maalumu mwaka wa 1970. Alikufa mwaka wa 1974. Watoto wenu waliotembelea Makavazi ya Taifa Nairobi wameiona sanamu yake uani. Hapa ndipo kwao.

Usiondoke Marsabit bila kuuliza kuhusu visima vya Ulanula. Wafugaji wa Kiborana husimama ndani ya kisima kirefu, mmoja juu ya mwingine, na kupitishiana ndoo za maji hadi juu kwa ajili ya mifugo. Ili mikono isipishane, wao huimba. Ng'ombe husikia wimbo na kujua kwamba maji yao yamewadia.

Kutoka Marsabit barabara inateremka katika uwanda wa Dida Galgalu. Ni mawe meusi ya volkano kila upande mpaka macho yachoke, bila mti wa kujikinga kivuli. Hapa ndipo malori yalipokuwa yakivunjika zamani. Sasa lami imenyooka kama uzi, nalo ni jaribu kwa madereva wapendao mbio. Ngamia hajui sheria za barabarani, na akigongwa usiku, mara nyingi hafi peke yake.

Turbi na deni la amani

Ukifika Turbi, punguza mwendo. Tarehe 12 Julai 2005 watu wenye silaha walikivamia kijiji hiki alfajiri na kuua makumi ya watu, wakiwemo watoto wa shule. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Aprili 2006, ndege iliyokuwa imebeba wabunge na viongozi waliokwenda kutafuta amani kati ya jamii za huko ilianguka Marsabit. Watu 14 walikufa, miongoni mwao Dkt. Bonaya Godana, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje.

Lami imesaidia, kwa kuwa polisi na gari la wagonjwa sasa hufika kwa saa, si kwa siku. Lakini lami si amani. Mwezi wa Mei 2022, miaka mitano baada ya barabara kukamilika, serikali ililazimika kutangaza kafyu Marsabit kwa sababu ya mauaji. Na njia hiyo hiyo inayompitisha mwenye ng'ombe humpitisha pia mwenye magendo, na wale vijana wa Ethiopia wanaodanganywa na mawakala kwamba watafikishwa Afrika Kusini.

Tena kuna jambo la kitambulisho. Kwa miaka mingi kijana wa kaskazini aliyetaka kitambulisho alipelekwa kwanza mbele ya kamati ya kumhoji kama kweli ni Mkenya, jambo ambalo kijana wa Nyeri au Kisii hakulijua. Ilikuwa ni Februari 2025 ndipo Rais William Ruto alipotangaza, akiwa Wajir, kwamba utaratibu huo umefutwa. Hebu tazama: lami ilifika Moyale miaka kadhaa kabla ya tangazo hilo. Basi abiria aliweza kupanda basi zuri juu ya barabara nzuri, na katika kila kizuizi akateremshwa kuthibitisha kwamba nchi anayosafiria ni yake.

Moyale, miji miwili

Hatimaye Moyale. Ni miji miwili yenye jina moja, mmoja wetu na mmoja wa Ethiopia, na jamaa wa ukoo mmoja wako pande zote mbili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waitaliano waliuteka upande wetu mwezi wa Julai 1940, wakafukuzwa mapema mwaka wa 1941. Mwezi wa Desemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta na Waziri Mkuu Abiy Ahmed walifungua kituo cha pamoja, ambapo msafiri anakaguliwa mara moja badala ya mbili.

Ukivuka utajifunza mambo. Huku tunaendesha kushoto, kule wanaendesha kulia. Kalenda yao ina miezi 13. Lakini saa yao, msomaji, ni yetu ya Kiswahili hasa! Wao pia huanza kuhesabu jua linapochomoza, na saa mbili yao ya asubuhi ni saa mbili yetu. Kutoka hapo barabara inapitia Yabelo, nchi ya kahawa ya Yirga Chefe, Hawassa, mpaka Addis Ababa.

Biashara, hata hivyo, haijafikia matumaini. Sehemu kubwa mno ya bidhaa za Ethiopia bado hupitia bandari ya Djibouti, na malori makubwa ya masafa marefu si mengi kama ilivyotarajiwa. Barabara ni kama mdomo. Haina faida kama hakuna kinachopita.

Ukitaka kwenda

Kama utakwenda kwa gari lako, fanya safari ya siku mbili na ulale Marsabit. Jaza mafuta Isiolo na tena Marsabit. Beba maji zaidi ya unavyodhani utahitaji, na gurudumu la akiba lililo zima. Usiendeshe usiku. Uliza hali ya usalama kabla ya kuondoka. Beba kitambulisho. Usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa, na ukinunua maziwa ya ngamia au mkufu wa shanga, lipa bei ya haki.

Lakini zaidi ya hayo, nenda na watoto. Kizazi chetu kilifundishwa kaskazini kama jina la jangwa katika kitabu cha jiografia, na habari za huko tulizisikia tu watu walipouana au ng'ombe walipokufa kwa kiu. Watu wa huko wameijia Nairobi kwa lori, kwa miguu, na sasa kwa basi, wanaijua vizuri. Sisi wa Nairobi ndio ambao hatujarudisha ziara. Hapo zamani tulisema hakuna barabara. Sasa ipo.